SEHEMU YA 6: ROBOTI ITANGULIE

Jamani, tuendelee. Jana tuliishia kwenye machela za vitani. Leo ni kifaa kilichobuniwa ili machela zipungue.

Kanuni ya huduma ya kwanza mnaijua: kabla hujamkimbilia majeruhi, angalia usalama wa eneo. Ukiingia kichwakichwa, majeruhi wanakuwa wawili. Sasa askari anayepigana mjini afanyeje? Kila kona, kila ngazi, kila chumba kinaweza kuficha bunduki. Anayechungulia kwanza ndiye anayepigwa.

Ndiyo maana mwishoni mwa miaka ya 1990 DARPA, wakala wa utafiti wa kijeshi wa Marekani, ikafadhili roboti ndogo za upelelezi. Kampuni ya iRobot ikaunda PackBot: inatembea kwa minyororo kama kifaru, ina kamera, na mbele ina vikono viwili vya kupandia ngazi. Askari anaiongoza akiwa nje.

Septemba 2001 roboti za mradi huo zilipelekwa New York, kwenye vifusi vya World Trade Center. Zilipenya mianya ambayo mtu hapiti. Aliye hai hawakumpata. Mwaka 2002 PackBot ziliingia mapangoni Afghanistan, kisha Iraki zikakagua mabomu. Mwaka 2011 zikaingia kwenye vinu vya Fukushima, Japani, penye mionzi.

Maisha zimeokoa, sibishi. Ila vitani roboti humlinda aliyeituma. Mama na watoto waliomo chumbani, nani anawatangulia? Mimi nesi, majeruhi sichagui.

Nawe unaonaje? Kesho, sehemu ya 7.