Udogo wa Maktaba za Programu: Mistari ya Msimbo au Mkataba?

Anayetafuta maktaba huria ya kuchanganua chaguo za amri, au ya kutengeneza faharasa ya data isiyokula nafasi, hukutana na jedwali lile lile: idadi ya mistari ya msimbo, idadi ya maktaba nyingine zinazotegemewa, ukubwa baada ya kukompailiwa, na pengine kasi. Nyuma ya jedwali hilo kuna dai ambalo ni nadra kutetewa kwa hoja: kwamba maktaba yenye msimbo mfupi ndiyo ndogo, na iliyo ndogo ndiyo salama. Makala haya yanalipinga dai hilo. Kinachostahili kupimwa ni mkataba, yaani yale yote ambayo maktaba imewaahidi watumiaji na mafaili, na ambayo yatabaki kudaiwa hata siku msimbo wenyewe ukitupwa.

Kwamba utegemezi una hatari, hakuna anayebisha. Machi 2016 kifurushi cha left-pad, chenye mistari 11 tu, kiliondolewa kwenye hazina ya npm, na miradi mingi ya JavaScript ikashindwa kujengwa. Tukio hilo hutajwa kama ushahidi wa kupenda udogo. Ni ushahidi wa ajabu, kwa kuwa left-pad ingeongoza katika jedwali lolote la aina tuliyoitaja.

Tuanze na wachanganuzi wa chaguo. Mkongwe wao ni getopt, ambayo AT&T iliitoa kwa umma mwaka 1985, na ambayo baadaye iliingizwa katika kiwango cha POSIX. Unaweza kuiandika upya kwa kurasa chache. Hata hivyo jina hilo moja limebeba ahadi mbili. Kwa kufuata POSIX, uchanganuzi hukoma mara neno la kwanza lisilo chaguo linapoonekana. Getopt ya glibc huyapanga upya maneno ili chaguo zilizoachwa nyuma nazo zisomwe, isipokuwa kigeu cha mazingira POSIXLY_CORRECT kiwe kimewekwa. Kwa hiyo amri `kamusi piga -v` itaeleweka kwa namna moja kwenye Linux ya kawaida na kwa namna nyingine kwenye BSD. Kuhesabu mistari hakutakuonyesha tofauti hiyo.

Mfano ulio karibu nasi zaidi unatoka katika leksikografia. Mashina ya vitenzi vya Kiswahili huandikwa kwa kutanguliwa na kistari: -piga, -soma, -la. Mtu akitengeneza programu ya kamusi kwa argparse ya Python, kisha akaandika `kamusi --neno -piga`, atajibiwa kuwa `--neno` ilitarajia hoja moja. Argparse imekiona kistari na kuamua kwamba hilo ni chaguo jingine, ingawa chaguo lililotangulia linadai thamani. Getopt_long, na hata optparse iliyotangulia argparse katika Python yenyewe, hulichukua neno linalofuata kama lilivyo. Dawa ipo, nayo ni kuandika `--neno=-piga`, lakini ni dawa ambayo mtumiaji analazimika kuijua. Pendekezo la PEP 389, lililoiingiza argparse katika maktaba sanifu, liliiona optparse kuwa imepitwa na wakati. Optparse imo hadi leo. Wanaodhani ni uzembe wa wasimamizi wanakosea. Skripti za watu zimeshikilia tabia ya mchanganuzi, na tabia haihami kwa sababu mrithi ana vipengele vingi zaidi.

Ushahidi wenye uzito zaidi, kwa maoni yangu, uko upande wa faharasa, na hasa katika cdb ya D. J. Bernstein. Faili la cdb hujengwa mara moja, husomwa mara nyingi, na halirekebishwi. Ukitaka mabadiliko unajenga jipya na kulibadilishia jina lichukue nafasi ya la zamani. Baiti 2048 za mwanzo zina vielekezi 256, kila kimoja baiti 8: mahali jedwali lilipo na idadi ya nafasi zake. Hufuata rekodi, kisha majedwali yenyewe.

Tulitafute neno maji kwa mkono. Hashi huanza na 5381. Kwa kila baiti ya ufunguo unazidisha kwa 33, kisha unafanya XOR na baiti hiyo, biti zinazozidi 32 zikitupwa. Herufi m ni 109, hivyo 177573 inakuwa 177608. Ukimaliza a, j na i unapata 2087696490. Baki yake kwa 256 ni 106, basi kielekezi tunachokitaka kinaanzia baiti ya 848. Kipande kilichobaki cha hashi, 8155064, kinagawanywa kwa idadi ya nafasi za jedwali, na baki ndiyo nafasi ya kuanzia. Zikiwa 200, tunaanzia nafasi ya 64. Tukiikuta tupu, neno halimo. Tukikuta hashi yetu, tunakwenda kwenye rekodi na kulinganisha ufunguo. Tukikuta nyingine, tunasogea nafasi moja mbele.

Huo ndio mkataba karibu wote, ukiongeza kwamba namba zote huandikwa kwa kutanguliza baiti ndogo. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuandika msomaji wake kwa siku moja bila kuuona msimbo wa Bernstein, na wengi wamefanya hivyo katika lugha mbalimbali. TinyCDB ya Michael Tokarev, iliyotolewa kwa umma bila masharti, ni mmojawapo. Ilikuwa heri, maana cdb-0.75 ya Bernstein ilitangaza `errno` kwa njia ambayo glibc za baadaye ziliikataa, na bila kiraka haikujengeka. Msimbo ulichakaa, mafaili hayakuguswa.

Ilinganishe na LMDB ya Howard Chu. Ni maktaba fupi, imeandikwa kwa ustadi, na inastahili sifa ya kasi. Lakini faili lake hufuata umbo la kumbukumbu ya mashine iliyolitengeneza: lililoandikwa kwenye kompyuta ya biti 64 halisomeki moja kwa moja kwenye ya biti 32. Msimbo mfupi, mkataba mpana.

Nitapingwa kwa SQLite. Msimbo wake uliounganishwa katika faili moja unazidi mistari laki mbili, ilhali umbo la faili lake limehifadhi upatanifu tangu toleo la 3 la 2004, na watunzaji wake wameahidi kuitunza hadi 2050. Pingamizi hili naona linanisaidia zaidi ya kunidhuru, maana linaonyesha kwamba mistari na mkataba ni vitu viwili. Pingamizi gumu zaidi ni la nafasi. Cdb hutumia baiti 24 za ziada kwa kila rekodi, hivyo orodha ya maneno 25,600 hulipa baiti 616,448, zikiwemo zile 2048 za mwanzo, kabla hujaweka herufi hata moja. Neno maji lenyewe ni baiti nne. Maktaba ya marisa-trie ya Susumu Yata ingeibana orodha hiyo vizuri zaidi, hasa ikiwa ni ya vitenzi vilivyoambishwa, ambapo maelfu huanza na wana- au ali-. Tena ingejibu maswali ya kiambishi awali, ambayo cdb haiwezi kabisa. Pia vielekezi vya biti 32 vinaifungia cdb asilia katika gigabaiti 4.

Kwa data inayobadilika kila saa, basi, hoja yangu ya cdb haina nguvu, na SQLite ndiyo jibu. Kwa kamusi, orodha za misimbo au majedwali yanayotolewa mara chache kwa mwaka, cdb inatosha, na gharama ya baiti 24 ni nafuu. Kwa mstari wa amri, anayetarajia thamani zenye kistari atumie getopt_long au optparse, na aandike katika mwongozo wake kama maneno hupangwa upya au la. Wahariri wa majarida yetu nao, wanapoletewa jedwali la ulinganisho, wadai safu moja zaidi: je, mtu asiyeuona msimbo anaweza kuisoma data hii?