Hitilafu ya Ufuaji: Istilahi ya Wakusanyaji wa Sarafu

Mtu akirudishiwa chenji dukani huhesabu jumla yake, na akiridhika kwamba hakupunjwa huitia mfukoni. Walakini wako wakusanyaji wa sarafu ambao hawaitii mfukoni mpaka wameigeuza kila moja pande zote mbili mwangani, kwa kuwa wanajua kwamba kiwanda, kwa wingi wa kazi na kasi ya mitambo yake, hakikosi mara moja moja kutoa kitu ambacho hakikukusudiwa, na kwamba kitu hicho, kikiwa adimu, huweza kuuzwa kwa bei inayoizidi mara maelfu thamani iliyoandikwa juu yake. Kitu hicho ndicho tukitafutiacho jina.

Neno limjialo mfasiri kwanza ni “kosa”, nalo halifai sana, kwani kosa hutaka mkosaji; na “kasoro” ni upungufu, ilhali katika sarafu hizi aghalabu hakuna kilichopungua, bali kimezidi. Afadhali “hitilafu”, neno tulilolipata kwa Waarabu, ambalo asili yake ni kutofautiana, kisha likabeba na maana ya dosari. Ama “ufuaji”, ni neno la wafua fedha na wafua chuma wetu. Maana sarafu haichapwi kama gazeti, bali kipande cha madini cha duara, kisicho na nakshi bado, huwekwa baina ya mihuri miwili ya chuma cha pua, na kwa pigo moja kikapata sura zake zote mbili. Hitilafu ya ufuaji, basi, ni tofauti iliyoipata sarafu kabla haijatoka kiwandani. Iliyopondwa na gurudumu au kukwaruzwa na funguo ina jeraha, haina hitilafu, wala mnunuzi mjuzi hanunui majeraha.

Mfano mashuhuri ni senti ya Marekani ya mwaka 1955, yenye kichwa cha Lincoln. Muhuri wenyewe hupata nakshi yake kwa kukandamizwa na muhuri mama, na zama hizo haukutosheka kwa mkandamizo mmoja. Ulipashwa moto, ukarudishwa, ukakandamizwa tena. Katika kiwanda cha Philadelphia muhuri mmoja ulirudishwa ukiwa umegeuka kidogo, nao ukapokea maandishi mara mbili, yasilingane. Hitilafu ilipogunduliwa, senti hizo zilikuwa zimekwisha kuchanganyika na nzima, ikaonekana haistahili taabu ya kuzichambua. Yakadiriwa kuwa kati ya 20,000 na 24,000 ziliingia mikononi mwa watu. Wamarekani husimulia kwamba nyingi zilipatikana kwenye mashine za sigara: pakiti ilikuwa kwa senti 23, mashine ikipokea sarafu ya senti 25, na senti mbili za chenji zikatiwa ndani ya karatasi angavu ya pakiti.

Basi wako waiitao senti hiyo “sarafu iliyopigwa mara mbili”, nao wamekosea, kwa kuwa sarafu ilipigwa mara moja tu. Na wako wasemao “muhuri maradufu”, msikiaji akadhani mihuri ilikuwa miwili. Kilichozidi ni nakshi, na kwa hiyo napendekeza “nakshi maradufu”. Faida yake huonekana kwenye kioo cha kukuzia: katika nakshi maradufu ya kweli kila herufi ina pacha wake, naye ameinuka na kuviringana kama mwenziwe, na penye ncha za herufi huonekana mpasuko mfano wa mkia wa mbayuwayu. Lakini muhuri ukitikisika wakati wa pigo, huacha kando ya herufi kidato kilicholala bapa, na herufi yenyewe ikakonda. Hicho ni kivuli cha mtikiso, ni cha kawaida mno, na wanaoanza hukifurahia bure.

Iko na hitilafu ya kuoza wasiooana. Mwaka 2008 Uingereza ilibadili nakshi ya sarafu ya peni 20, mwaka ukahamishwa kutoka ubavu mmoja kwenda wa pili. Muhuri wa zamani wa kichwa cha Malkia ukaoanishwa na mpya wa nyuma, zikatoka sarafu zisizo na mwaka popote, zikadiriwazo kati ya 50,000 na 200,000. Waingereza huiita kwa jina la mtoto wa punda na farasi, na sisi tusiseme “nyumbu”, akadhaniwa yule wa Serengeti. Neno la pwani liko, nalo ni “baghala”.

Mwisho natazama Tabora, mwaka 1916, Wajerumani walipozingirwa baharini na sarafu za kwao zisifike, wakafua hela zao katika karakana ya reli. Sarafu za hela 20, za shaba nyeupe na nyekundu, zilizotoka humo hazifanani: hii ina taji kubwa, ile taji dogo, na ncha za herufi zimepindwa hapa na kuchongoka pale, kwa kuwa mihuri ilichongwa papo hapo kwa vyombo vilivyokuwapo. Wakusanyaji huzipanga kwa tofauti hizo hizo. Ukiziita makosa, utakuwa umewalaumu mafundi waliofua fedha penye zana za kutengenezea magari-moshi. Ukisema zimehitilafiana, umesema lililo kweli, wala hukumwonea mtu.