Mashine Ilipoingia Darasa la Uchoraji

Mwaka 1837 serikali ya Uingereza ilifungua shule ya usanifu katika jumba la Somerset House, London. Haikusukumwa na mapenzi ya sanaa. Viwanda vya nchi hiyo vilikuwa na mashine tele za kufuma na kuchapa nguo, lakini wanunuzi walivutiwa zaidi na nakshi za Wafaransa. Kule Lyon, tangu mwanzoni mwa karne hiyo, Joseph-Marie Jacquard alikuwa ameunda mtambo wa kufuma unaoongozwa na kadi zenye matundu: penye tundu uzi unainuka, pasipo na tundu uzi unabaki chini. Aliyechora ua kwa ajili ya mtambo ule alipaswa kulifikiria kwa lugha ya matundu. Shule ya London ilianza kwa kuwafundisha vijana kunakili mapambo. Ilichukua zaidi ya karne moja hadi shule hiyo, iliyokwishabadilika kuwa Royal College of Art, ilipopewa mamlaka ya kutoa shahada zake yenyewe mwaka 1967. Leo ni chuo cha masomo ya baada ya shahada ya kwanza, na wahandisi wanakaa humo pamoja na wachoraji.

Kila teknolojia mpya inapozuka, walimu wa sanaa hukabiliwa na swali lilelile: msanii apewe mashine aitumie tu, au aruhusiwe kuifungua? Kwa maoni yangu, masomo ya uzamili ya sanaa na usanifu yamekuwa na maana pale tu chuo kilipothubutu kuchagua jibu la pili. Vyuo hivyo vilikuwa vichache, na vingi havikudumu.

Bauhaus ndiyo inayotajwa kwanza, na inastahili. Walter Gropius aliianzisha Weimar, Ujerumani, mwaka 1919 ikiwa shule ya kazi za mikono, lakini ilipofika 1923 alikwisha kuigeuza na kutangaza umoja mpya wa sanaa na teknolojia. Umoja huo haukuwa wa haki kwa wote. Wanawake wengi walioingia walielekezwa kwenye ufumaji, hata wale waliotamani kazi nyingine. Anni Albers alitaka karakana ya vioo, akaishia kwenye nyuzi. Tazama alichokifanya huko. Kwa stashahada yake ya mwaka 1930 alibuni kitambaa cha kufunika kuta za ukumbi wa shule ya vyama vya wafanyakazi huko Bernau. Upande mmoja alitia selofeni, malighafi ya kiwandani iliyokuwa ngeni kwa wafumaji, ili uakisi mwanga. Upande wa pili ulimeza sauti, mwangwi usiwasumbue wasikilizaji. Kitambaa kikawa kifaa cha kazi. Albers hakuipamba teknolojia mpya kwa sanaa. Aliiingiza ndani ya uzi.

Wanazi waliibana Bauhaus hadi ikafungwa mwaka 1933, baada ya miaka 14 tu. Walimu wake wakatawanyika. László Moholy-Nagy alifika Chicago mwaka 1937 na kufungua shule mpya, ambayo miaka michache baada ya kifo chake iliunganishwa na Illinois Institute of Technology. Ujerumani nako walijaribu tena: chuo cha usanifu cha Ulm kilianza mwaka 1953 na kufungwa 1968, serikali ya jimbo ilipokata fedha.

Katika jimbo hilohilo kompyuta iliingia kwenye tasnifu. Georg Nees alikuwa mwanahisabati wa kampuni ya Siemens. Mwezi wa Februari 1965 alionyesha michoro ya kompyuta mjini Stuttgart, katika ukumbi ulioongozwa na mwanafalsafa Max Bense, na baadhi ya wasanii waliohudhuria walikasirika. Nees hakuishia kwenye maonyesho. Aliandika tasnifu ya uzamivu chini ya Bense, na kitabu chake kilichapishwa mwaka 1969. Mchoro wake unaojulikana zaidi, Schotter, una miraba 12 kwa upana na 22 kwenda chini. Safu za juu zimenyooka karibu kabisa. Kadiri jicho linavyoshuka, kila mraba unapinda na kusogea kwa namba za bahati nasibu, na nafasi ya kupotoka inaongezwa kidogo kidogo, hadi miraba ya chini inaonekana imemwagika. Programu yenyewe ni fupi. Kinachonigusa ni kwamba Nees hakuchora fujo ile. Aliamua ianze wapi na ikue kwa kasi gani, kisha akaiachia mashine imalize. Uamuzi wa namna hiyo ndio unaopimwa hadi leo katika tasnifu za fani hii.

Marekani ilikuwa na fedha, na fedha zilivuta watu. György Kepes, aliyefundisha na Moholy-Nagy Chicago, alifungua mwaka 1967 kituo katika chuo cha MIT ili wasanii waishi miongoni mwa wanasayansi. New York nako, Red Burns alianzisha mwaka 1979 programu ya uzamili ya mawasiliano iliyowapokea watu wa kila fani. Lakini aliyebadilisha mafunzo yenyewe ni Muriel Cooper. Katika karakana aliyoianzisha MIT miaka ya 1970 pamoja na Ron MacNeil, mwanafunzi alibuni bango lake, akalitengenezea bamba, akalichapa mwenyewe kwenye mtambo wa ofseti. Hakumpelekea mchapaji kazi na kusubiri. Kompyuta zilipofika, Cooper aliendeleza kanuni ileile: anayepanga herufi kwenye skrini sharti aelewe skrini inazipataje.

Cooper alifariki mwaka 1994. John Maeda, mhandisi aliyekwenda kusomea sanaa Japani, alirudi MIT na mwaka 1996 akaanzisha kundi lake la utafiti. Wanafunzi wake wawili, Casey Reas na Ben Fry, walianza mwaka 2001 kutengeneza Processing, programu ya bure inayomwezesha mchoraji kuandika mistari michache na kuona duara papo hapo. Maelfu ya wanafunzi wa sanaa duniani wamejifunzia hapo kuandika programu, bila kumwomba mtu leseni.

Reas alikwenda kufundisha Ivrea, mji mdogo wa kaskazini mwa Italia uliojulikana kwa mashine za kuandikia za Olivetti. Huko kulikuwa na taasisi changa ya uzamili ya usanifu. Wanafunzi wake walitaka kutengeneza vitu vinavyohisi mwanga, mguso na mwendo, lakini bodi za kielektroniki zilizokuwepo zilikuwa ghali na zilitengenezwa kwa ajili ya wahandisi. Hernando Barragán, mwanafunzi kutoka Kolombia, alilifanya tatizo hilo kuwa tasnifu yake. Kuanzia mwaka 2003 alibuni bodi na lugha yake, akaviita Wiring, akisimamiwa na Reas na Massimo Banzi. Mwaka 2005 Banzi na wenzake walijengea juu ya kazi hiyo wakatoa Arduino, bodi ya bei nafuu ambayo ramani zake ziko wazi kwa yeyote kuzinakili. Zoezi la kwanza la mwanafunzi ni kuandika mistari kadhaa ili taa ndogo iwake sekunde moja na kuzimika sekunde moja. Akishaona taa inamtii, anaunganisha mota, kisha kihisio, kisha sanamu nzima. Mwaka uleule wa 2005 taasisi ya Ivrea ilifikia mwisho wake kama chuo cha kujitegemea. Bodi iliyozaliwa humo inauzwa leo mitaa ya Nairobi na Dar es Salaam, na ni haki kusema wazi kwamba mchango wa Barragán hautajwi inavyostahili.

Akili unde nayo ina ukoo huu. Harold Cohen, mchoraji Mwingereza, alianza miaka ya 1970 kuandika programu ya kuchora aliyoiita AARON, na aliiendeleza hadi alipofariki mwaka 2016. Mwaka 2018 picha iliyotokana na mtandao wa neva iliuzwa mnadani Christie's kwa dola 432,500, na gumzo likawa la bei. Mwaka huohuo Anna Ridler, mhitimu wa Royal College of Art, alionyesha kazi niliyoiona kuwa nzito zaidi: alipiga picha 10,000 za maua ya tulipu na kuandika kwa mkono wake maelezo ya kila moja, rangi yake na jinsi lilivyochanua, ili mashine ijifunze kutoka kwenye data yake. Picha za watu wengine hazikuguswa. Anayeona ukuta uliojaa picha zile anaelewa kwamba nyuma ya akili unde kuna kazi ya binadamu.

Huku kwetu Afrika Mashariki, Margaret Trowell alianza kufundisha uchoraji Makerere mwaka 1937, na shule yenye jina lake inafundisha sanaa za viwanda pamoja na uchoraji na uchongaji. Nairobi ya miaka ya 1960 ilimpata Selby Mvusi, mchoraji wa Afrika Kusini aliyekuja kufundisha usanifu wa viwandani. Yeye alitaka Mwafrika abuni vitu vya kiwandani vya zama zake, asiachiwe kazi za mikono peke yake. Alifariki mwaka 1967, kabla ya kutimiza miaka 40, na sidhani kwamba tumeziba pengo hilo.

Tofauti kati yetu na vyuo vile vya ng'ambo ni ya mpangilio kuliko ya vipaji. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sanaa Mlimani na kompyuta Kijitonyama. Anayetaka vyote viwili hupanda daladala. Makerere imeshapiga hatua: shule ya Trowell sasa imo ndani ya ndaki moja na uhandisi, ndaki ya uhandisi, usanifu, sanaa na teknolojia. Kilichobaki ni kuziunganisha karakana, wasimamizi wa tasnifu watoke pande zote mbili, na kifaa kinachofanya kazi kihesabike kuwa tasnifu, kikiwa na ramani zilizo wazi kwa anayefuata.

Nawe unayejaza fomu ya uzamili ya sanaa mwaka huu, hapa au ng'ambo, kabla ya kulipa ada ulizia karakana. Uliza inafungwa saa ngapi, nani ana funguo, na kama utaruhusiwa kuifungua mashine.