Mhandisi Bergveld na Safari ya Kihisi cha Kemikali Kisichotumia Kioo

Mhandisi wa umeme wa Uholanzi, Piet Bergveld, ndiye mbunifu wa ISFET, kihisi cha kemikali ambacho leo hupima uchachu wa vyakula, udongo na maji bila kutegemea elektrodi ya kioo. Sehemu kubwa ya utafiti wake aliifanyia katika Chuo Kikuu cha Twente, mjini Enschede, mashariki mwa nchi hiyo.

Bergveld alizaliwa mwaka 1940, akasomea uhandisi wa umeme mjini Eindhoven, kisha akajiunga na Twente katika miaka ya 1960, chuo hicho kikiwa bado kichanga. Azma yake ilikuwa kupima mabadiliko ya ioni karibu na seli za neva. Elektrodi za kioo za wakati huo zilivunjika kwa urahisi na zilikuwa vigumu kufanywa ndogo sana.

Mwaka 1970 alichapisha andiko fupi lililoeleza suluhisho lake. Aliondoa tabaka la metali juu ya lango la transista, ili kimiminika kinachopimwa kiguse moja kwa moja oksidi ya silikoni iliyo chini yake. Ioni za haidrojeni hubadilisha chaji kwenye uso wa oksidi hiyo, nayo chaji huongeza au kupunguza mkondo wa umeme ndani ya transista. Badiliko hilo la mkondo ndilo linaloonyesha kiwango cha uchachu.

Hata hivyo, ubunifu huo ulizua ubishi. Awali, Bergveld alitumia kifaa chake bila elektrodi rejea. Watafiti wengine, akiwemo Tadayuki Matsuo wa Japani, waliitumia, na hatimaye ikakubalika kwamba bila elektrodi hiyo vipimo haviwezi kuwa thabiti. Aidha, oksidi ya silikoni ilidhoofika ndani ya maji na kufanya usomaji uyumbe. Tatizo hilo lilipunguzwa kwa kutumia tabaka za naitraidi ya silikoni, oksidi ya alumini na oksidi ya tantalamu.

Bergveld alipata shahada ya uzamivu mwaka 1973, na baadaye, akiwa profesa, aliongoza utafiti wa vihisi vya kibiolojia. Mwaka 2003 alichapisha tathmini ya miaka thelathini ya taaluma hiyo.

Manufaa ya kazi hiyo yanaonekana zaidi viwandani. Katika usindikaji wa maziwa na nyama, kipande cha kioo kilichovunjika ndani ya chakula ni hatari kwa mlaji. Kihisi cha silikoni huondoa hatari hiyo, na kinaweza kuhifadhiwa kikiwa kikavu. Kanuni hiyo hiyo imetumika pia kusoma mpangilio wa vinasaba: katika mashine zilizoelezwa kisayansi mwaka 2011, zaidi ya vihisi milioni moja vilipangwa juu ya kipande kimoja cha silikoni.

Pamoja na mafanikio hayo, kifaa hiki bado huhitaji kusawazishwa mara kwa mara kwa vimiminika ambavyo uchachu wake unajulikana, ili vipimo vyake viaminike.