Vyuo vya Marekani vyahamahama, mashabiki wahesabiwa kwa dola za runinga

MJI wa Lincoln, jimboni Nebraska nchini Marekani, una uwanja ambao tangu Novemba 1962 tiketi zake zote huuzwa kila timu ya chuo kikuu cha huko inapocheza nyumbani. Mfululizo huo umevuka mechi 400. Watu zaidi ya 80,000 hufurika humo siku ya Jumamosi, na kwa saa chache uwanja wenyewe huwa mji wa tatu kwa ukubwa katika jimbo zima, baada ya Omaha na Lincoln. Ilhali wanaoshangiliwa si wachezaji wa klabu ya kulipwa. Ni wanafunzi.

Msomaji aliyezoea soka afahamu mapema kwamba kandanda inayozungumziwa hapa ni ile ya Kimarekani, ambayo mpira wake una umbo la yai na hubebwa zaidi kwa mikono kuliko kupigwa mateke. Anayeifahamu raga ataona kwamba michezo hii miwili ni ndugu. Mechi inayotambuliwa kuwa ya kwanza baina ya vyuo ilichezwa Novemba 6, 1869, huko New Jersey, ambapo Rutgers iliishinda Princeton 6-4, ingawa siku hiyo kila upande uliingiza wachezaji 25 na mchezo wenyewe ulifanana zaidi na soka.

Vyuo hivyo havichezi katika ligi moja ya kitaifa yenye kupandishwa na kushushwa daraja. Vimejigawa katika miungano, na kila muungano hupanga ratiba yake, huwa na bingwa wake na, muhimu kuliko yote, huuza kwa pamoja haki za kuonyesha mechi zake kwenye runinga. Muungano mkongwe kati ya ile mikubwa ni Big Ten, uliozaliwa mwaka wa 1896 katika majimbo ya kati ya kaskazini. SEC ya kusini ilianzishwa 1932, na ACC ya pwani ya mashariki 1953. Ule wa magharibi, uliokuja kujulikana kama Pac-12, asili yake ni 1915. Miungano hiyo ilikuwa ya ujirani. Chuo kilicheza na wenzake ambao timu ingeweza kuwafikia kwa gari moshi, na mashabiki wa pande mbili walikutana kazini siku ya Jumatatu kutaniana.

Leo majina yamebaki lakini maana imetoweka. Big Ten, yaani "Kumi Kubwa", ina wanachama 18. Big 12 ina 16. ACC, ambayo jina lake linataja pwani ya Atlantiki, imevipokea vyuo viwili vya California, jimbo linalopakana na bahari ya Pasifiki.

Chanzo cha mabadiliko haya ni hukumu ya mahakama. Kwa miongo mitatu, shirika linalosimamia michezo ya vyuo, NCAA, ndilo lililoamua ni mechi ngapi zingeonyeshwa na ni mara ngapi chuo kimoja kingeonekana kwenye runinga. Vyuo vikuu vya Oklahoma na Georgia vilikwenda kortini kupinga utaratibu huo, na mwaka wa 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura saba dhidi ya mbili, iliamua kwamba mpango wa NCAA ulikiuka sheria za ushindani wa kibiashara. Mmoja wa majaji wawili waliopinga alikuwa Byron White, ambaye mwenyewe alikuwa nyota wa mchezo huo katika Chuo Kikuu cha Colorado miaka ya 1930. Aliwaonya wenzake kwamba walikosea kuuchukulia mchezo wa vyuo kama biashara tupu. Hoja yake ilishindwa, lakini aliyeyafuatilia yaliyojiri baadaye hawezi kusema kwamba mzee huyo hakuona mbali.

Tangu siku hiyo, chuo chenye mashabiki wengi kilitambua kwamba kilikuwa na mali ya kuuza, na kikaanza kujiuliza kwa nini kigawane mapato sawa na jirani asiye na wafuasi. Wa kwanza kuonja uchungu walikuwa wanachama wa muungano wa Southwest, uliodumu tangu 1914 jimboni Texas na Arkansas. Arkansas ilihamia SEC mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kisha Texas, Texas A&M, Texas Tech na Baylor zikaungana na vyuo vinane vya jirani kuunda Big 12, ambayo ilianza kucheza 1996. Vyuo vya Houston, Rice, TCU na SMU viliachwa kwenye mataa, na muungano ukafa.

Hapo ndipo swali la idadi ya mashabiki lilipogeuka kuwa la fedha. Je, mashabiki wa chuo huhesabiwaje?

Njia rahisi ni kutazama viwanja. Uwanja wa Michigan mjini Ann Arbor huchukua watu 107,601, na vyuo vingine kadhaa, vikiwemo Penn State, Ohio State, Texas A&M na Tennessee, vina viwanja vya zaidi ya watu 100,000. Hata hivyo, uwanja hueleza tu ni wangapi wanaoweza kuingia, si wangapi wanaobaki nyumbani wakitazama. Kuhesabu wanafunzi wa zamani nako hakutoshi. Huko Alabama na Nebraska, majimbo yasiyo na timu ya ligi kuu ya kulipwa, familia nzima huishabikia timu ya chuo ambacho hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuketi katika madarasa yake. Idadi ya watazamaji wa runinga nayo hupanda timu inaposhinda na hutegemea mpinzani wa siku hiyo, kwa hivyo chuo dhaifu kinachocheza na kigogo huonekana kama kina wafuasi ambao kwa kweli ni wa mwenzake.

Mwaka wa 2011 mtakwimu Nate Silver, akiandikia gazeti la New York Times, alijaribu njia nyingine. Alitumia wingi wa watu waliotafuta habari za mchezo huo kwenye mtandao wa Google katika kila eneo la matangazo ya runinga ili kukadiria idadi ya mashabiki wa eneo hilo, kisha akawagawa kati ya timu kwa kutumia kura ya maoni ya mtandaoni iliyowauliza watu wanaishabikia timu gani. Ohio State iliongoza kwa mashabiki zaidi ya milioni tatu, ikifuatwa na Michigan na Penn State. Hayo yalikuwa makadirio wala si sensa, na yeyote anayeyanukuu leo akumbuke umri wake. Lakini yalidhihirisha jambo ambalo wengi walilihisi: mapenzi ya mchezo huu hayaendi sambamba na wingi wa watu. New York, jiji kubwa kuliko yote nchini humo, ni baridi kwa kila mkazi mmoja ukilinganisha na miji ya kusini kama Birmingham. Hata hivyo wakazi wake ni wengi kiasi kwamba hata sehemu ndogo yao ni umati.

Wakuu wa Big Ten walilielewa vyema fumbo hilo. Mwaka wa 2007 walikuwa wameanzisha kituo chao cha runinga kwa ushirikiano na kampuni ya Fox. Siku hizo Wamarekani wengi walipata runinga kwa kebo, na kila nyumba ililipia kifurushi kizima kila mwezi, iwe inakitazama kituo fulani au la. Ada iliyolipwa kwa kituo cha Big Ten ilikuwa ya juu zaidi katika majimbo yenye chuo mwanachama. Kwa hivyo, chuo kimoja cha New Jersey kingefungua pochi za mamilioni ya nyumba za eneo la New York, hata kama wenye nyumba hizo hawakumjua mchezaji mmoja. Ndiyo sababu Rutgers, ambayo haikuwa na historia ya ushindi, ilialikwa pamoja na Maryland ya karibu na Washington, na zote zikaingia 2014. Hapo hawakuhesabiwa mashabiki bali antena na nyaya.

Nebraska iliingia Big Ten miaka mitatu kabla yake, 2011, kwa hoja iliyo kinyume kabisa. Jimbo lenyewe lina wakazi wapatao milioni mbili tu. Kilichonunuliwa hapo ni uaminifu, yaani watu ambao wataitazama timu yao hata ikicheza ufukweni mwa dunia. Kwa maoni ya mwandishi huyu, historia imeihukumu hoja ya pili kuwa ndiyo bora. Wamarekani walipoanza kuikata kebo na kuhamia huduma za intaneti, nyumba isiyotazama iliacha kulipa, na thamani ya chuo ikarudi kwa shabiki halisi anayeketi mbele ya kioo.

Hilo linaeleza wimbi lililofuata. Julai 2021, Texas na Oklahoma, vigogo wawili wa Big 12, vilitangaza kuhamia SEC, na viliingia rasmi Julai 1, 2024. Juni 30, 2022, USC na UCLA za Los Angeles zilitangaza kwamba zingejiunga na Big Ten. Miezi miwili haikupita kabla ya Big Ten kutia saini mikataba na Fox, CBS na NBC ya thamani iliyoripotiwa kuzidi dola bilioni 7 kwa miaka saba.

Kwa Pac-12 huo ulikuwa mwanzo wa kifo. Mwaka wa 2012 muungano huo ulikuwa umeanzisha vituo vyake vya runinga bila mshirika, na haukuwahi kuafikiana na DirecTV, kampuni kubwa ya setilaiti, kwa hivyo nyumba nyingi hazikuweza kuvipata. Mkataba wake mkuu ulipokaribia kuisha, Los Angeles ilikuwa imekwisha kuondoka, na ofa iliyoletwa mezani na Apple ilitegemea idadi ya watu ambao wangejisajili. Vyuo viliingiwa na hofu. Colorado iliondoka Julai 2023, na Agosti 4, kwa siku moja, vyuo vitano vilifunga virago: Oregon na Washington vikaenda Big Ten kwa mgao pungufu, huku Arizona, Arizona State na Utah vikielekea Big 12. Septemba 1, ACC iliipokea Stanford na California, nazo kwa sehemu tu ya mgao, pamoja na SMU iliyokubali kukaa miaka tisa bila fedha za runinga za muungano.

Habari ya SMU yastahili kutajwa, maana inavuruga hesabu zote. Chuo hicho cha Dallas ndicho kilichoadhibiwa na NCAA mwaka wa 1987 kwa kufutiwa msimu mzima baada ya kuwalipa wachezaji kwa siri, na baadaye kikaachwa na majirani wa Texas. Uwanja wake ni wa watu wapatao 32,000. Hakikuwa na mashabiki wa kuuza ila kilikuwa na wafadhili matajiri walioweza kuziba pengo, na msimu wake wa kwanza katika ACC, 2024, kilifika kwenye mchujo wa kitaifa wa timu 12.

Waliobaki katika Pac-12 walikuwa wawili: Oregon State, mmoja wa waasisi wanne wa 1915, na Washington State, iliyojiunga 1917. Chuo hiki cha pili kiko Pullman, mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya ngano, na jina lake si geni humu nchini. Henry Rono alikuwa mwanafunzi huko alipovunja rekodi nne za dunia katika siku 81 za mwaka wa 1978. Mbili kati yake aliziweka katika miji ya Berkeley na Seattle, makao ya wanachama wengine wa muungano huohuo. Kabla yake Samson Kimobwa, wa chuo hichohicho, aliivunja rekodi ya mita 10,000 mwaka wa 1977. Wanariadha hawakuwa na kura katika mambo ya runinga, lakini muungano ni wa michezo yote. Chuo kinapohamishwa na kandanda, waogeleaji na wakimbiaji huhama nacho, na timu ya Los Angeles inapokwenda kucheza na Rutgers husafiri karibu kilomita 4,000, sawa na Nairobi hadi Mombasa mara nane, kisha irudi darasani.

Vyuo hivyo viwili vilikwenda mahakamani na mwishoni mwa 2023 vikapata udhibiti wa muungano na mali yake. Vikaanza kuujenga upya kwa kuwaalika wengine, wakiwemo Boise State, San Diego State na Fresno State, waliokubali kuingia 2026.

Mashabiki nao wamelipa kwa njia ambayo haimo katika mkataba wowote. Texas na Texas A&M, mahasimu tangu 1894, hazikukutana kutoka 2012 hadi Novemba 2024, na zilirudiana tu kwa sababu zote mbili zilijikuta SEC. Kansas na Missouri zilikaa kuanzia 2012 hadi Septemba 2025. Oklahoma na Oklahoma State zilicheza kila mwaka tangu 1910, vita vikuu vya dunia vyote viwili vikipita bila kuzikatiza. Mechi ya mwisho ilikuwa Novemba 4, 2023. Oklahoma State ilishinda 27-24, na mashabiki wake wakavamia uwanja wakang'oa milingoti ya goli.