Ngeli za Nyanya Kisiwani Mfangano

Mwalimu alipiga mstari mwekundu chini ya maneno mawili ya insha yangu: "kijiji yote". Pembeni akaandika "chote". Nilikuwa darasa la tano hapa Mfangano, na kosa sikuliona. Nyumbani nilisema Dholuo, lugha ya mama, na katika Dholuo "duto" haibadiliki: "ji duto" ni watu wote, "piny duto" ni nchi yote. Nomino iwe ipi, duto ni duto.

Jioni nilimsomea nyanya, mama yake baba, insha ile. Shule hakuiona, lakini alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mjukuu wangu, kwetu ni ekialo kiona." Eki- huku, ki- kule. Nikabaki nimeshika daftari. Ngeli ya KI-VI niliyokuwa nikiikariri darasani ilikuwa ndani ya nyumba yetu siku zote, kwenye Olusuba, lugha ya nyanya.

Lugha hiyo ya Kibantu wazee wetu waliivusha Ziwa Victoria kwa mitumbwi kutoka upande wa Uganda. Wakunta, sehemu ya Wasuba, husimulia kwamba walitoroka Buganda baada ya mfalme, Kabaka Junju, kuuawa. Huku wakawa majirani wa Waluo, wakauziana, wakaoana. Wanaume wa Kisuba walioa mabinti wa Kiluo, na mtoto hushika lugha ya anayembeba mgongoni. Kisha Waadventista wakafungua misheni Gendia mwaka 1906, na lugha ya mahubiri na ya kitabu ikawa Dholuo. Biblia nzima ya Dholuo ilitoka 1953. Agano Jipya la Olusuba lilichapishwa 2010. Miaka hamsini na saba! Vizazi viwili vilijifunza kusali kwa lugha ya jirani.

Hata hivyo nyumbani kwetu hakuna aliyemlazimisha mwenzake. Nyanya aliagiza maji kwa Olusuba, mama akaitikia kwa Dholuo na kuyaleta. Nyanya alisema Abasuba, mama akasema Josuba, nami shuleni nikaandika Wasuba. Kila mmoja alielewa sarufi ya mwenzake bila kuiacha yake. Lakini Olusuba ilituponyoka sisi watoto: tuliielewa, ila hatukujibu kwayo. Lugha isiyojibiwa na watoto huzikwa na nyanya, na wangu tumeshamzika.

Leo Ekialo Kiona ni jina la kituo cha jamii na redio hapa kisiwani, na watoto hulitamka kila siku. Ninyi walimu wa Kiswahili wa Mfangano, Rusinga na Gwasi, siku mkifika kwenye upatanisho wa kisarufi, andikeni ubaoni "ekialo kiona" kwanza, kisha "kijiji chote" chini yake. Na mtoto mwenye nyanya anayeisema Olusuba, mtumeni nyumbani akaulize maneno mengine kumi.