Bunduki ya Upepo: Historia ya Chombo na Istilahi Zake

Mfasiri wa maandishi ya kiufundi hukutana mara kwa mara na neno moja la kigeni lenye vitendo viwili au vitatu visivyofanana ndani yake. Mfano mzuri unapatikana katika maandishi yahusuyo bunduki ya upepo. Wako watu wengi, hasa Uingereza, Ujerumani na Marekani, ambao uraibu wao ni kuifungua bunduki hiyo, kulainisha sehemu zake, kuichongea kitako na kulenga nayo shabaha siku za mapumziko. Kazi ya kuifungua na kuitengeneza huitwa na wasemaji wa Kiingereza kwa neno lile lile litumikalo kwa kuweka sawa sauti za ala za muziki. Sisi aghalabu hulifasiri “kurekebisha”, na wakati mwingine “kuongeza nguvu”. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa njia ya historia, kwamba tafsiri zote mbili zina kasoro, na kwamba kasoro ya pili yaweza kumtia mtu hatiani.

Jina la chombo

Yafaa kwanza tujiulize kama chombo kisichotumia baruti kinastahili kuitwa bunduki. Neno lenyewe linatujibu. Limetokana na Kiarabu, ambamo asili yake ni jina la kokwa ya mti fulani. Baadaye likawa jina la vidonge vilivyorushwa kwa upinde, na mwishowe likahamia kwenye silaha ya moto. Kwa hiyo kiini cha neno hili ni kile kirushwacho, wala si baruti.

Aidha, Kiswahili kina desturi ya zamani ya kuzitambulisha bunduki kwa kile kinachozifyatua. Wazee walisema bunduki ya mrao, kwa kuwa iliwashwa kwa utambi. Bunduki ya gumegume, kwa kuwa iliwashwa kwa jiwe la kiberiti. Na bunduki ya fataki. Bunduki ya upepo inafuata mkondo huo huo bila kulazimishwa. Wapo wanaopendelea “bunduki ya hewa”, kwa hoja kwamba upepo ni hewa iliyo katika mwendo. Hoja hiyo ni sahihi kwa mwalimu wa jiografia, lakini watu wetu hujaza tairi upepo, na hakuna anayedhani kwamba ndani ya tairi kunavuma kusi au kaskazi.

Kutoka jeshini hadi mchezoni

Bunduki ya upepo si kitu cha jana. Mnamo mwaka 1780 jeshi la Austria lilianza kutumia bunduki iliyobuniwa na Bartolomeo Girardoni. Kitako chake kilikuwa chupa ya chuma iliyohifadhi hewa, na ili kuijaza, askari alihitaji kupiga bomba la mkono mara zipatazo 1,500. Iliweza kufyatua risasi ishirini hivi mfululizo bila moshi, wakati ambapo askari wengine walikuwa bado wakishindilia baruti na risasi moja moja. Lakini chupa zilivuja, vali zilihitaji fundi stadi, na kufikia mwaka 1815 hivi jeshi lilikuwa limeiacha. Bunduki ya upepo ilikuwamo pia katika msafara wa Meriwether Lewis na William Clark uliokata bara la Amerika ya Kaskazini kati ya mwaka 1804 na 1806.

Karne iliyofuata iliigeuza silaha hii kuwa chombo cha burudani. Katika mji wa Plymouth, jimbo la Michigan, kampuni iliyotengeneza vinu vya upepo ilianza mwaka 1888 kutoa bunduki ndogo ya madini kama bahashishi kwa wakulima walionunua vinu. Bunduki ilipendwa kuliko vinu, na mwaka 1895 kampuni ikachukua jina la bunduki hiyo, Daisy. Huko Birmingham, Uingereza, Lincoln Jeffries alipata hataza mwaka 1904, na mwaka uliofuata kiwanda cha BSA kikaanza kuunda bunduki zake. Katika vilabu vya pombe vya eneo hilo watu walishindana kupenyeza marisaa katika tundu dogo, umbali wa yadi 6, hadi kengele iliyo nyuma ya tundu ilie.

Baada ya Vita Kuu ya Pili viwanda vya Ujerumani vilizuiliwa kuunda silaha. Viliporuhusiwa kuanza tena, vingi vilianza na bunduki za upepo, na ustadi wote wa mafundi wao ukaelekezwa huko. Mwaka 1966 shabaha ya mita 10 iliingia katika mashindano ya dunia, na mwaka 1984, mjini Los Angeles, ikaingia katika Michezo ya Olimpiki. Alama 10 katika shabaha hiyo ni kitone chenye kipenyo cha nusu milimita. Tarakimu hiyo yatosha kutuonyesha kuwa kinachotafutwa katika mchezo huu ni usawa, si ukali.

Kamani, pistoni na fundi

Ili kuelewa kazi ya fundi, hatuna budi kueleza utendaji wa bunduki ya kamani. Mpigaji anapovuta wenzo, pistoni hurudi nyuma na kuikaza kamani. Anapobana kifyatulio, kamani huachiwa. Pistoni hukimbia mbele ndani ya silinda, huishindilia hewa, na hewa hiyo huyasukuma marisaa katika mtutu. Tatizo ni kwamba pistoni huanza mwendo kabla marisaa hayajatoka. Bunduki hurudi nyuma, kisha husukumwa mbele, na kamani hutetemeka. Mkono ulio imara peke yake hauwezi kuiponya hitilafu hii.

Hapo ndipo fundi anapoingia. Huondoa makali yaliyoachwa na mashine, hung'arisha silinda, huweka kiongozi kinachoibana kamani isicheze, hupaka grisi kwa kipimo, na kupunguza uzito wa kifyatulio. Mwaka 1972 Robert Beeman alianzisha huko California biashara ya kuuza bunduki za Kijerumani, zikiwamo zilizokwisha fanyiwa kazi hiyo. Mwaka 1976 G. V. Cardew na G. M. Cardew walichapisha Uingereza kitabu cha majaribio yao, ambamo walionyesha kwamba mafuta yanayozidi ndani ya silinda huungua kwa joto la hewa iliyoshindiliwa na kuivuruga kasi ya marisaa. Tangu hapo fundi mzuri alijulikana kwa marisaa kumi yanayotoka kwa kasi moja, na si kwa moja linalotoka kwa kasi kubwa.

Nguvu na sheria

Sababu nyingine ni ya kisheria. Kwa kanuni za mwaka 1969, bunduki ya upepo inayozidi futi-ratili 12, yaani jouli 16.3 hivi, huhesabiwa Uingereza kuwa silaha ya hatari na huhitaji cheti. Huko Uskoti, tangu mwisho wa mwaka 2016, hata zilizo chini ya kiwango hicho kwa kawaida huhitaji cheti. Ujerumani huruhusu jouli 7.5 kwa zile zinazouzwa kwa watu wazima bila kibali cha silaha. Basi mfasiri akiandika katika hati kwamba mtu “ameiongezea nguvu” bunduki yake, ilhali alipaka grisi tu na kubadili kamani iliyochoka, amemshitaki mtu asiye na kosa. Kinyume chake, akiandika “amerekebisha” pale nguvu ilipopandishwa kupita kiwango, amelificha kosa.

Mapendekezo

Kwa kuzingatia historia hiyo, tunapendekeza vitendo hivi vitenganishwe. “Kutengeneza” kubaki kwa kilichoharibika. “Kuongeza nguvu” kutumika pale tu nishati inapopandishwa kwa makusudi. Na kazi ya kuzifanya kamani, pistoni, grisi na kifyatulio zikubaliane iitwe “kuoanisha”, na mwenye kazi hiyo “mwoanishaji”. Neno hili linabeba wazo la ala za muziki bila kutaja sauti, wala halidai kwamba bunduki ilikuwa mbovu.

Kitako kilichochongwa kulingana na bega na shavu la mwenyewe kisiitwe “kilichobinafsishwa”, kwani neno hilo limekwisha kutwaliwa na uuzaji wa mashirika ya umma. Tuseme “kitako cha vipimo”, kama fundi cherehani anavyochukua vipimo. “Marisaa”, “mtutu”, “kitako” na “shabaha” ni maneno tuliyoyarithi na hayahitaji mbadala. “Kushindilia” nalo, lililokuwa la baruti katika gobori, linafaa sasa kwa hewa katika silinda.

Ni matumaini yetu kwamba wafasiri na walimu watayajaribu maneno haya katika kazi zao. Yatakayokataliwa na watumiaji tutayapokea tena mezani tuyachunguze upya. Lakini tofauti baina ya kuoanisha na kuongeza nguvu ihifadhiwe, hata kama itapewa maneno mengine.